Laptopu nzito na intaneti ya kusuasua: pima kwanza, rekebisha baadaye

Laptopu ikianza kuwa nzito, wengi hukimbilia kufuta picha, au kupakua programu inayojinadi kwamba itaongeza kasi kwa kubofya mara moja. Picha zinafutwa, uzito unabaki palepale, na ile programu mpya inageuka mzigo mwingine. Hapo dawa imetangulia kipimo. Sehemu zinazoweza kukwamisha kazi ni chache: prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta), kumbukumbu ya RAM (inayoshika kazi zilizo wazi kwa sasa), diski (inayohifadhi mafaili) na mtandao. Kwa kawaida inayokwama ni moja, na hata ukizihangaikia zile tatu nyingine wiki nzima hutaona tofauti.

Hatua zilizomo humu ni za Windows 10 na 11. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza ili uyaone upesi.

Ni kompyuta au ni intaneti?

Zima Wi-Fi. Fungua folda yenye mafaili mengi, andika mistari michache kwenye programu ya kuandikia, funga, kisha fungua tena. Kama hata hapo kompyuta inajikokota, intaneti haina hatia. Kama vitu vya ndani vinafunguka chapuchapu lakini kurasa za mtandaoni zinazunguka bila kufunguka, ruka hadi sehemu ya intaneti huko mbele.

Ipo hali ya tatu inayowapotosha watu: intaneti ni nzuri, ila kivinjari kimebeba vichupo arobaini na RAM imekwisha. Ili kuitambua, fungua ukurasa uleule kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi ileile. Ukifunguka upesi kwenye simu, mkosaji yumo ndani ya laptopu.

Kusoma Task Manager

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kikitokea kidirisha kidogo kisicho na takwimu, bofya More details. Kwenye Processes utaona safu za CPU, Memory, Disk na Network, kila moja na asilimia yake juu. Usipime mara tu kompyuta inapowaka, maana wakati huo kila laptopu huwa na shughuli nyingi. Subiri dakika tano, kisha fanya kazi zako za kila siku huku ukizitazama namba.

Chukua mfano wa laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka (HDD). Memory inasoma 88%, CPU 14%, Disk 100%. Ukienda Performance na kubofya Disk 0, unakuta kasi ya kusoma ni MB 1.3 tu kwa sekunde. Diski inayomudu MB 100 kwa sekunde imeelemewaje na MB 1.3? Jibu liko kwenye kichwa cha kusomea. Kila data inapokuwa imetawanyika, kichwa hicho kinaruka kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine na kungoja sahani izunguke, na kila mruko unakula milisekunde 10 hadi 20. Vipande vidogo 60 tu vinaimaliza sekunde nzima. Lakini vipande hivyo vimetoka wapi? Itazame ile 88%: RAM imekaribia kujaa, kwa hiyo Windows inahamishia diskini vitu vilivyokosa nafasi na kuvirudisha vinapohitajika. RAM ndogo ndiyo iliyoitwisha diski mzigo. Ukiwa na laptopu ya namna hii, kufuta mafaili hakutaisaidia.

Kwa hiyo soma namba hivi. Memory ikikaa juu ya 80% katika kazi za kawaida, RAM haitoshi au kivinjari kimezidi. Disk ikikaa karibu na 100% dakika nzima nzima huku Memory iko chini ya 70%, bofya neno Disk ili programu zijipange kwa ulaji wake. Mara nyingi utakuta Windows Update au antivirusi ikikagua, na hiyo itaisha yenyewe. Isipoisha baada ya saa kadhaa, shuku afya ya diski.

CPU ikiwa juu, bofya CPU umwone mlaji. Kisha nenda Performance, CPU, uangalie Speed. Prosesa ya 2.4 GHz ikiwa imeganda kwenye 0.79 GHz wakati kuna kazi, si kwamba ni dhaifu; imefungwa breki. Sababu kubwa ni mbili: joto kali, au chaja ambayo laptopu haiitambui, kama vile chaja isiyo yake au yenye wati pungufu. Jaribu kuchomoa chaja na kufanya kazi kwa betri. Kasi ikipanda, umempata.

Kazi zisizogharimu kitu

Anza na Restart, si Shut down. Windows ina kitu kinachoitwa Fast Startup: ukizima kwa Shut down, kiini cha mfumo kinahifadhiwa diskini na kurudishwa kama kilivyo ukiwasha. Ndiyo maana mtu anazima kompyuta kila usiku, halafu Up time iliyo chini ya Performance, CPU, inasoma siku 23. Restart ndiyo inayofungua mfumo upya. Fanya hivyo angalau mara moja kwa wiki.

Baada ya hapo, programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye Task Manager fungua Startup apps (Windows 10 inaiita Startup), bofya safu ya Startup impact ili zenye High zije juu, kisha teua usiyoihitaji na ubofye Disable. Programu za muziki, za mikutano ya video, za kuchati na zile za kutafuta masasisho zote zinaweza kuzimwa hapa bila wasiwasi. Kuzima hakuifuti programu, kunaizuia tu isijiwashe bila kuitwa. Usiguse za antivirusi, sauti na kipanya cha kugusa, ambavyo mara nyingi hubeba majina kama Realtek, Synaptics au Intel. Ukikosea, rudi ubofye Enable.

Nenda pia Settings, Apps, kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, uondoe usizozitumia. Angalia kwa makini antivirusi. Microsoft Defender imo tayari ndani ya Windows, na ukisakinisha antivirusi nyingine, Defender hujiweka kando. Balaa huanza zinapokuwa mbili za kusakinishwa: kila faili linakaguliwa mara mbili na kila moja inaishuku mwenzake. Bakiza moja. Programu za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na zile za "kuongeza RAM" nazo zitoke. Hizo za RAM hufanya kazi moja tu: husukumia diskini vitu ambavyo dakika moja baadaye utavihitaji tena.

Kuhusu nafasi, lengo ni kuacha diski C ikiwa na asilimia 15 hadi 20 wazi. Diski yenye GB 200 wazi haitakuwa nyepesi zaidi ukiifikisha 250, ila yenye GB 3 wazi inateseka kweli, kwa sababu Windows haina pa kuweka mafaili ya muda wala masasisho. Fungua Settings, System, Storage, Temporary files. Soma orodha kabla ya kuweka tiki! Humo kuna kipengele cha Downloads, na ukikitia tiki, kila ulichowahi kupakua kwenye folda hiyo kinaondoka. Previous Windows installation huweza kukupa GB nyingi, lakini ukiifuta huwezi kurudi kwenye toleo la Windows ulilotoka.

Kivinjari ndicho mlaji mkubwa wa RAM kwenye kompyuta nyingi za leo. Ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc: linafunguka dirisha linaloonyesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari) kinakula kiasi gani. Viendelezi ndivyo vya kuchuja kwanza, kwa sababu vinakaa macho hata ukiwa na kichupo kimoja. Kisha nenda Settings, Performance, uwashe Memory Saver, ambayo inalaza vichupo usivyovigusa. Edge ina kitu kama hicho kwa jina la sleeping tabs.

Mambo madogo: kwenye Settings, System, Power & battery (Windows 10: bofya alama ya betri), chagua Best performance unapokuwa umechomeka chaja. Kuondoa madoido ya skrini kunasaidia kidogo tu, na tunalitaja jambo hili kwa sababu kila mtu huliulizia: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, Settings chini ya Performance, chagua Adjust for best performance, kisha rudisha tiki kwenye Smooth edges of screen fonts. Usipoirudisha, maandishi yatakuwa na kingo za misumeno na macho yatachoka.

Ukishuku virusi, fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima, ikague kabla Windows haijaamka, na kurudi baada ya kama dakika 15. Na kama Windows inaganda au kutoa makosa ya ajabu, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti na inaweza kusimama kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu. Iache.

Mawili ya kuepuka. Usisakinishe programu ya kupanga upya vipande vya mafaili kwenye SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka. SSD haina sahani wala kichwa cha kuruka, na Windows huihudumia yenyewe kwa njia yake. Usizime pia ile nafasi ya diski inayosaidia RAM kwa kudhani utapata kasi. RAM ikijaa, programu zitaanza kufa moja moja.

Joto

Weka mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Feni ikivuma kwa nguvu huku hewa inayotoka ni kidogo, vumbi limeziba mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni. Ukiiweka laptopu juu ya kitanda au mto, unaziba matundu ya chini, na prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 inajipunguzia kasi ili isiungue. Ukiwa kazini nyuzi 70 hadi 85 si za kutisha.

Zima kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, kisha puliza vumbi kwa hewa ya kopo huku umeshikilia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti. Feni ikizungushwa kwa kasi na hewa hiyo inaweza kuharibu beringi zake. Kwa laptopu ya miaka minne na zaidi, grisi ya joto iliyo juu ya prosesa huenda imekauka. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha weka mpya ya ukubwa wa punje ya mchele. Ukizidisha, itafurika pembeni tu.

Vipuri viwili vinavyobadilisha mambo

Kama kipimo kimeonyesha diski ya kuzunguka, kuibadilisha na SSD ndiko kunakoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya mwongozo huu. SSD huunganishwa kwa njia mbili, SATA ya zamani na NVMe mpya. Ya SATA inasoma takribani MB 500 kwa sekunde, lakini faida yenyewe iko kwenye vile vipande vilivyotawanyika: inavifikia kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kuwaka kunakokula dakika tatu kunashuka hadi sekunde 20 au 30. SSD za NVMe zina kasi kubwa zaidi kwenye karatasi, maelfu ya MB kwa sekunde, ila kwa kuandika, kuvinjari na kutazama video mtumiaji wa kawaida ni shida kuitofautisha na ya SATA.

Kabla ya kununua chochote, kagua afya ya diski iliyopo kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Neno Caution, au namba iliyozidi sifuri kwenye Reallocated Sectors Count au Current Pending Sector Count, ni dalili kwamba diski imeanza kufa. Nakili mafaili yako siku hiyohiyo. Ukisikia tik-tik inayojirudia, usingoje hata jioni.

Umbo nalo ni la kujua mapema. Laptopu za zamani hutumia diski ya inchi 2.5, chagua SSD yenye unene wa milimita 7. Laptopu mpya zina nafasi ya M.2, tundu la SSD nyembamba kama kadi, na hapo ndipo watu hupotezea pesa: SSD ya M.2 inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, zote zikiwa na upana wa milimita 22 na mara nyingi urefu wa 80, lakini nafasi ya laptopu yako huenda inakubali aina moja tu. Tafuta maelezo ya modeli yako kwa namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chini. Ukubwa usishuke chini ya GB 240.

Utahitaji bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya plastiki ya kutenganishia mfuniko, flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha thamani, na kebo ya kugeuza SATA kuwa USB ya kusomea diski ya zamani. Tunapendekeza kusakinisha Windows upya badala ya kunakili ya zamani nzima, kwa sababu ukinakili unahamisha na takataka zake.

1. Nakili mafaili yako mahali pengine. Angalia kama Device encryption au BitLocker, zinazoifunga diski kwa msimbo wa siri, imewashwa. Ikiwa imewashwa, hifadhi ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, la sivyo diski ya zamani haitafunguka hata kwako.

2. Pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, uiandae flashi. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

3. Zima kabisa, chomoa chaja, gusa chuma kisichopakwa rangi ili kutoa umeme tuli mwilini. Fungua mfuniko na uchomoe plagi ya betri kwanza. Skrubu huwa za urefu tofauti: zipange juu ya karatasi kwa umbo lilelile zilivyokaa. Skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa hadi upande wa kibodi.

4. Toa diski, hamishia kishikizo chake kwenye SSD, ichomeke bila kulazimisha. Ya M.2 inaingia kwa mshazari kisha inalazwa na kufungwa skrubu moja.

5. Rudisha betri na mfuniko, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia, ambacho mara nyingi ni F12, F9 au Esc. Ukiulizwa ufunguo wa bidhaa, chagua I don't have a product key na uteue toleo lilelile ulilokuwa nalo. Leseni ya Windows 10 na 11 hufungamana na ubao mama, kwa hiyo itajithibitisha ukiunganisha intaneti.

Ukiona No bootable device baada ya kumaliza, usiogope. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows) uangalie kama SSD inaonekana. Inaonekana? Panga iwe ya kwanza. Haionekani? Haijakaa sawasawa, au ni ile aina isiyokubalika.

RAM ni kazi nyepesi zaidi. Kwenye Task Manager, Performance, Memory, utasoma Slots used, kwa mfano 1 of 2, pamoja na Form factor. SODIMM ina maana inachomoka. Row of chips ina maana imelehemiwa kwenye ubao na kuiongeza huenda kusiwezekane kabisa. Aina hazichanganyiki: DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, na mwanya wa katikati uko mahali tofauti, kwa hiyo ikigoma kuingia usiisukume. Tahadhari na DDR3L, inayotumia volti 1.35: laptopu iliyotengenezewa hiyo haitawaka na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5. Ingiza kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi hadi meno ya dhahabu yakaribie kuzama yote, kisha ilaze mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Skrini ikibaki nyeusi ukiwasha, toa na uirudishe. Mara nyingi haikuzama vizuri.

GB 8 zinatosha kwa kazi za ofisi na kivinjari. Kabla ya kununua, fungua Settings, System, About, usome System type. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata ukiichomekea 16.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu isiyokidhi masharti ya Windows 11 bado ina maisha: SSD, RAM ya GB 8 na Linux Mint ya Xfce (mfumo wa bure na mwepesi unaochukua nafasi ya Windows) huifanya itumike vizuri kwa miaka.

Sasa intaneti

Tuanze na hesabu inayozua malalamiko mengi bure. Kasi huuzwa kwa megabiti, lakini faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya 20 Mbps (megabiti kwa sekunde), ikiwa nzima kabisa, inapakua MB 2.5 kwa sekunde. Faili la MB 900 litachukua dakika sita. Ukiona MB 2.3, hujaibiwa.

Kisha tafuta mahali penye mkwamo. Fungua Command Prompt, andika ipconfig, utafute Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, tuseme 192.168.1.1. Andika:

ping -n 30 192.168.1.1
ping -n 30 8.8.8.8

Amri ya kwanza inapima njia ya kutoka laptopu hadi ruta, ya pili hadi nje kabisa, kwenye seva ya Google. Kwa ruta unatarajia namba kama 1ms, 2ms, 3ms (ms ni milisekunde). Ukiona 2ms, 3ms, 240ms, Request timed out, 5ms, 310ms, basi tatizo ni Wi-Fi, kwa sababu vipande hivyo vya data havijatoka hata mlangoni. Kumpigia simu mtoa huduma hakutasaidia. Ruta ikijibu vizuri lakini 8.8.8.8 inarukaruka, shida iko kwenye laini au kwa mtoa huduma. Zote zikiwa shwari na kurasa bado nzito, rudi kwenye kivinjari.

Kwa Wi-Fi, andika netsh wlan show interfaces. Hebu tuseme umeona Signal 45%, Radio type 802.11n, Channel 11, Receive rate 39. Hiyo 39 ni kasi ambayo laptopu na ruta zimekubaliana kwa Mbps, na kasi halisi huwa karibu nusu yake. Hata ukinunua laini ya 100 Mbps, kwa hali hii utaendelea kupata 20. Sogea karibu na ruta, rudia amri. Ikipanda sana, suala ni umbali na kuta.

Ruta nyingi hutoa mawimbi mawili. GHz 2.4 hufika mbali na kupenya kuta, lakini imejaa: majirani, vifaa vya Bluetooth na tanuri za maikrowevu zote zimo humo. GHz 5 ina kasi zaidi ila ukuta wa zege unaizima. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia ya 5. Ukilazimika kutumia 2.4, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague chaneli 1, 6 au 11, zile tatu tu ambazo hazipandani. 3 au 9 inakusumbua wewe na majirani wa pande zote mbili. Iinue ruta, itoe nyuma ya televisheni na ndani ya kabati. Na jambo lisilodhaniwa: diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa jirani na antena hutoa kelele ndani ya 2.4 hiyohiyo. Ihamishie upande wa pili uone.

Kebo inapita yote hayo inapowezekana. Cat5e inabeba 1 Gbps hadi mita 100. Ikiwa kwenye mipangilio ya Ethernet unasoma 100 Mbps wakati ruta na laptopu zote zinamudu 1000, waya mmoja kati ya minane umekatika au plagi haikubanwa vizuri, kwa hiyo zimerudi kwenye mpango wa nyaya nne.

Walaji wa kimyakimya. Kwenye Task Manager bofya Network uwaone. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikipakia picha inastahili tahadhari ya pekee: upande wa kupakia huwa mwembamba, na ukijaa, hata zile taarifa fupi za "nimepokea" ambazo kompyuta lazima izirudishe wakati wa kupakua zinakwama foleni. Ndiyo maana kupakia kunaweza kuua kupakua. Isimamishe kwa Pause syncing. Zima pia Delivery Optimization, iliyo ndani ya Windows Update, isigawie kompyuta nyingine masasisho kwa laini yako. Ukitumia bando la simu, fungua sifa za mtandao huo uwashe Metered connection, na Windows itapunguza kupakua mambo yake kwa siri.

Kubadilisha DNS kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kunaharakisha ule mwanzo wa ukurasa tu, pale jina la tovuti linapotafutiwa anwani. Hakuongezi kasi ya kupakua faili hata kidogo. Jaribu kama kurasa zinachelewa kuanza lakini zikianza zinakimbia. Usipoona tofauti, rudisha Automatic. VPN nayo (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kati), hata iliyo nzuri, huongeza safari, izime unapopima.

Mambo yote yakishindikana, kuna Network reset kwenye Settings, Network & internet, Advanced network settings. Inafuta nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa, kwa hiyo ziandike kwanza.

Na kipimo kikionyesha kosa liko kwa mtoa huduma, usimwambie tu "neti iko slo". Unganisha laptopu kwa kebo, zima vifaa vingine vyote, pima kasi asubuhi, jioni na usiku, uhifadhi picha za skrini zenye saa pamoja na matokeo ya ping ya ruta na ya 8.8.8.8. Ukimtumia hizo, fundi atakosa pa kuanzia kukuambia uizime ruta na kuiwasha tena.